Usikate mpapai dume kabla hujanisikiliza

Krismasi iliyopita mjomba wangu aliniita mpapai dume mbele ya ukoo mzima.

Tulikuwa kwa shosho, Mbeere. Nyama ya mbuzi iko motoni, soda zinazunguka, na kila binamu anaulizwa siku hizi anafanya nini. Mmoja ni nesi. Mwingine yuko benki. Ilipofika zamu yangu, kabla sijafungua mdomo, mjomba akasema, "Huyu wetu ni mpapai dume. Maua mengi, matunda hakuna." Watu wakacheka. Nikacheka pia, maana ungefanyaje?

Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, karo ilipokatika. Sai naandika blogu, wikendi napiga picha za harusi, na kodi ya nyumba Kayole naipata kwa kubahatisha. Kwa hivyo nilielewa vizuri alichomaanisha. Ila mjomba hakujua kwamba amenitukana kwa kutumia mti ambao naujua kumshinda. Mimi na mipapai tuna historia, na historia hiyo ilinila pesa.

Leo nataka kuutetea mpapai dume. Kama wewe ni kijana unayefikiria kuweka akiba yako kwenye kilimo cha mapapai, soma hadi mwisho, kwa sababu kosa nililofanya mimi linafanywa na wengi.

Nilivyochomeka

Nilipoacha chuo nilikuwa nimebaki na shilingi 18,000. Kwenye simu nikaona video ya jamaa amesimama katikati ya mipapai anapiga hesabu: miti kadhaa kwa ekari, matunda kadhaa kwa mti, bei kadhaa kwa tunda. Zidisha. Jibu likawa mamilioni. Nani angekataa?

Shosho akanipa kipande cha shamba. Nikanunua miche 120 kwa shilingi 50 kila mmoja, jumla 6,000. Nikamuuliza muuzaji kama yote itazaa. Akasema, "Hiyo ni miche safi, boss." Mimi nikachukulia hilo ni jibu. Nikachimba mashimo 120, mche mmoja kila shimo, na kiangazi kilipoingia nikawa nanunua maji kwa mitungi.

Mwezi wa sita maua yakatoka. Miche minane ilikuwa imekufa. Katika ile 112 iliyobaki, 57 ilitoa vikonyo virefu vinavyoning'inia, vimejaa vijiua vyeupe vyembamba. Hiyo ndiyo dume. Mingine 55 ilitoa maua makubwa zaidi, moja moja au mawili matatu, yamekaa karibu kabisa na shina. Hiyo ndiyo jike. Yaani nusu ya shamba langu haikuwa na mpango wowote wa kuzaa.

Mjomba, huyuhuyu, akaja na panga. "Dume ni ya nini? Inakula mbolea bure." Jumamosi moja tukakata 56. Ulibaki mmoja tu nyuma ya choo, kwa sababu shosho alikuwa ameufungia kamba ya kuanika nguo na akakataa katakata usiguswe.

Kilichofuata ndicho kilinifundisha. Mipapai jike ikachanua, maua yakaanguka. Ikachanua tena, yakaanguka tena. Michache ilitoa vipapai vidogo ambavyo ukipasua ndani hukuti mbegu. Miti iliyozaa vizuri ilihesabika kwa vidole, na karibu yote ilikuwa upande wa choo. Ilinichukua miezi kuunganisha mambo hayo mawili.

Maharagwe, mahindi, mpapai

Shuleni tulikariri kwamba kuna mimea ambayo dume na jike ni mimea tofauti. Zilikuwa alama mbili za mtihani. Hakuna mwalimu aliyetutoa nje kutuonyesha mpapai, na ulikuwa umesimama pale nyuma ya jikoni la shule tukiupita kila siku tukienda kula githeri.

Wacha nikutembeze basi kwenye shamba la shosho, maana somo lote liko pale.

Anza na maharagwe. Ua moja la haragwe lina sehemu ya kiume inayotoa chavua na sehemu ya kike yenye mbegu changa, zote zikiwa ndani ya ua hilohilo. Mara nyingi ua linajichavusha lenyewe hata kabla halijafunguka. Haragwe halihitaji mtu.

Songa kwa mahindi. Lile ua la juu kileleni ni la kiume, linamwaga chavua. Zile nywele za gunzi ni za kike, na kila unywele unaelekea kwa punje moja. Jinsia zimetengana, lakini zinaishi kwenye mmea mmoja, kama mke na mume wanaolala vyumba tofauti.

Kisha njoo kwa mpapai wa kienyeji. Hapa jinsia zimehama nyumba kabisa. Mti huu ni dume, ule ni jike, na bila chavua kusafiri kutoka huu hadi ule hakuna mbegu.

Mtindo huu ni nadra. Mwaka wa 2014 mtaalamu wa mimea Susanne Renner alijumlisha hesabu zilizopo duniani akapata kwamba spishi zenye dume na jike tofauti ni takriban 15,600, yaani asilimia 5 au 6 tu ya mimea yote ya maua. Nyingi zilizobaki ni kama haragwe, kila kitu ndani ya ua moja. Lakini hata kama ni wachache, hawa wa jinsia mbalimbali hawakutoka kwa babu mmoja. Wametokea upya katika koo tofauti za mimea, mara mia kadhaa kwa makadirio ya chini na pengine maelfu. Mtende uko kundi hili. Mkoma wa Pwani pia. Mng'ongo pia. Na ule mmea ambao polisi wa mtaani kwenu wanaujua kwa harufu, nao ni hivyohivyo.

Kitu kikitokea mara mia kadhaa, kila mara peke yake, ujue kuna faida mahali.

Hasara inayoonekana, faida isiyoonekana

Charles Darwin mwenyewe alikuna kichwa. Katika kitabu chake cha 1877 kuhusu aina tofauti za maua alikiri kwamba ni vigumu kueleza kwa nini mmea wenye jinsia zote mbili ukubali kuzitenganisha. Hebu fikiria kama mfanyabiashara. Shamba la maharagwe 100 lina mimea 100 inayozaa. Msitu wenye miti 100 ya dume na jike una wazazi wa mbegu 50 hivi tu. Tena jike lililo peke yake haliwezi kujisaidia. Hesabu ya haraka inasema huu ni upuzi.

Faida ya kwanza inahusu ndoa za ndugu, na kwa mmea unaojichavusha hali ni mbaya zaidi, maana unajioa wenyewe. Kila kiumbe hubeba jeni kadhaa zenye kasoro ambazo hazileti shida zikiwa nusu, kwa sababu nakala nzima kutoka kwa mzazi mwingine inazifunika. Mmea ukijizalisha, nakala mbili mbovu zinakutana kwa urahisi na watoto wanatoka dhaifu. Darwin alilijaribu hili kwa miaka 11, akiotesha miche ya mbegu zilizochanganywa kando ya miche ya mbegu za kujichavusha, na mwaka wa 1876 akachapisha matokeo: kwa ujumla iliyochanganywa ilikuwa mirefu na yenye nguvu zaidi. Mti ulio dume tupu au jike tupu hauwezi kujioa hata ukitaka.

Utaniuliza, mbona usitumie njia rahisi? Kweli, mimea mingi ina jinsia zote mbili lakini ina kemikali za kuitambua chavua yake yenyewe na kuikataa. Kwa hiyo kukwepa kujioa peke yake hakutoshi kueleza kila kitu.

Hapo ndipo faida ya pili inaingia, na hii mtu yeyote wa hasla ataielewa: kugawana kazi. Kutengeneza chavua na kulea tunda ni biashara mbili tofauti. Tunda linataka sukari, maji na miezi ya subira. Chavua inataka maua mengi, mapema, yatangazwe kila mahali. Mti unaofanya zote mbili unagawa mtaji. Mti unaofanya moja unaweka mtaji wote pale. Tazama mpapai dume: vikonyo virefu vyenye maua chungu nzima, usiku baada ya usiku. Tazama jike: maua machache, lakini kila tunda linaweza kubeba mbegu mia kadhaa. Si ajabu kwamba mtindo huu unapatikana sana kwenye miti ya nchi za joto yenye matunda laini yanayoliwa na ndege na wanyama. Tunda la namna hiyo ni ghali kulitengeneza.

Safari kutoka ua moja hadi miti miwili

Sasa, mti hauamki asubuhi moja ukaamua kugawana kazi. Wanasayansi wengi wanaeleza safari hii kwa hatua mbili, kwa mfumo ambao Brian na Deborah Charlesworth waliupigia hesabu mwaka wa 1978.

Hatua ya kwanza, katika kundi la mimea ya jinsia mbili, mmoja unazaliwa na hitilafu ya jeni: hauwezi kutoa chavua. Sasa ni jike tupu. Kawaida kila mmea hupitisha jeni zake kwa milango miwili, mbegu zake na chavua yake. Huyu amefungiwa mlango mmoja. Ili asipotee, lazima mlango uliobaki ufanye kazi karibu mara mbili. Hapo zile faida mbili zinakuja kumwokoa. Ule mtaji wa chavua anauhamishia kwa mbegu, na tena mbegu zake zote zimechanganywa na wengine, kwa hivyo zina nguvu kuliko za jirani aliyejioa.

Hatua ya pili, majike yanapokuwa mengi, chavua inakuwa adimu sokoni. Maua yako wazi kila mahali yanangoja, wauzaji wamepungua. Mmea wa jinsia mbili utakaoongeza chavua, hata kwa kupunguza matunda, unavuna watoto kwa majike yote hayo. Taratibu kundi hilo linaacha kabisa kuzaa matunda. Hao ndio madume.

Kwa maneno mengine, dume lilitokea kwa sababu soko lilikuwa linalilia bidhaa yake. Haya ningeyajua ile Jumamosi ya panga, ningemshika mjomba mkono.

Mpapai wetu una ushahidi wa safari hii hadi leo. Una jozi tisa za kromosomu, na jozi moja ndiyo inayoamua jinsia, karibu kama sisi. Jike ana X mbili. Dume ana X na Y. Zile jeni za "zima mambo ya kike" na "washa mambo ya kiume" lazima zisafiri pamoja, la sivyo watapatikana watoto wasioweza lolote. Basi sehemu hiyo ya Y iliacha kubadilishana vipande na X. Watafiti wanakadiria hilo lilianza takriban miaka milioni 7 iliyopita. Kwa kromosomu za jinsia huo bado ni ujana, maana zetu za binadamu zina umri wa zaidi ya miaka milioni 100. Ndiyo maana wanasayansi wanaupenda mpapai: unaonyesha jambo hili likiwa bado changa.

Na hesabu ya mche inatoka hapo moja kwa moja. Mbegu ya jike lililochavushwa na dume ni kama kurusha sarafu: nusu dume, nusu jike. Zile 57 na 55 zangu hazikuwa mkosi wala uchawi wa jirani. Ilikuwa sarafu imerushwa mara 112. Yule muuzaji hangeweza kunichagulia kwa macho hata angetaka, kwa sababu mche mchanga hauonyeshi jinsia hadi utoe maua, isipokuwa upelekwe maabara upimwe jeni. Anayekwambia anatambua kwa umbo la mzizi au rangi ya mbegu anabahatisha kwa pesa yako.

Anayelipa bili ni dume

Sasa nifikie sehemu ambayo ilinifanya nimheshimu mti ule wa nyuma ya choo.

Chavua ya mpapai inabebwa na nani? Nilidhani ni nyuki. Wachavushaji wakuu ni nondo, wale wakubwa wenye mwendo wa kasi wanaotokea giza likiingia, wanasimama hewani mbele ya ua mabawa yakitetemeka, wanafyonza kwa ulimi mrefu kisha wanapotea. Mwanasayansi Mkenya wa wadudu, Dino Martins, akishirikiana na Steven Johnson, alichapisha mwaka wa 2009 utafiti kuhusu mipapai na nondo hawa. Walionyesha kwamba umbali wa shamba kutoka kwenye vichaka vya asili, na hali ya vichaka hivyo, unaathiri uchavushaji wa mipapai. Ukifyeka kila kichaka umefukuza wafanyakazi wako wa zamu ya usiku.

Lakini nondo hafanyi kazi ya bure. Anataka nekta. Na hapa mpapai una siri: nekta iko kwenye maua ya dume. Ua la jike halimpi kitu. Linafanana kiasi na la dume, jeupe, linanukia jioni, nondo anakuja kwa makosa, anaingiza ulimi, anakuta patupu, anaondoka upesi. Katika sekunde hizo chache chavua aliyobeba imeshabaki pale. Jike linaishi kwa kumdanganya nondo, na uongo huo unafanya kazi tu kama kuna madume ya kutosha jirani yanayomlisha kweli.

Umeona sasa? Mimi na mjomba tulipokata madume 56 hatukuondoa chavua pekee. Tulifunga hoteli. Nondo angerudi kwenye shamba langu kufanya nini?

Wakulima wa tende wamelijua hili miaka maelfu, tangu Mesopotamia ya kale. Mtende nao ni dume na jike. Hadi leo, Oman na nchi nyingine za Ghuba, mkulima hukata kishada cha maua ya dume, akapanda mtende jike na kuyaweka chavua kwa mkono. Wanabaki na madume machache kwa majike mengi, lakini hakuna mwenye akili timamu anayekata yote.

Nisikufiche kwamba mfumo huu una hatari yake. Anayemtegemea mwenzake anaweza kukwama. Mwaka wa 2005 watafiti wa Israel waliotesha mbegu ya tende yenye umri wa miaka 2,000 hivi, iliyochimbuliwa katika ngome ya kale ya Masada. Mche ukaota, wakauita Methuselah. Ulipokuja kuchanua ukawa dume. Mti wa maajabu, lakini tende hakuna. Ilibidi waoteshe mbegu nyingine za kale hadi wakapata jike, wakaliita Hannah, na mwaka wa 2020 Hannah akazaa tende kwa chavua ya Methuselah. Haragwe lingekuwa limeshajimalizia mambo msimu wa kwanza.

Papai refu la sokoni lilitoka wapi?

Mjomba angekuwa hapa angeniuliza: basi mbona mashamba makubwa hayana madume na yanazaa?

Swali zuri. Mashamba hayo hupanda mipapai ya jinsia mbili, kama ile aina ya Solo. Ua lake lina chavua na mbegu pamoja, na tunda lake ni lile refu lenye shingo. Tunda la jike huwa la mviringo zaidi. Ukienda sokoni Wakulima au Kangemi utayaona yote mawili yamepangwa kwenye meza moja.

Na mpapai wa jinsia mbili ulitoka wapi? Wanasayansi waliposoma kromosomu yake walikuta una Y ya dume, ila imebadilika kidogo. Tofauti kati ya Y hiyo na ya dume la kawaida inaonekana kuwa na umri wa takriban miaka 4,000 tu, wakati ambapo watu wa Amerika ya Kati, kwa Wamaya, walikuwa wanaugeuza mpapai wa mwituni kuwa mti wa nyumbani. Inaelekea kulikuwa na mti wa ukoo wa dume ulioanza kuzaa. Mtu akauona, akaacha kuukata, akapanda mbegu zake.

Soma hiyo tena polepole, mjomba. Papai refu unalokatia wageni Jumapili limetoka kwenye ukoo wa dume ambalo mtu fulani alikuwa na subira nalo.

Msimamo wangu

Sisemi kila mpapai dume ubaki shambani. Nafasi ni pesa, na dume mmoja anatosha majike kumi hadi ishirini, kama wanavyoshauri wataalamu wengi wa kilimo. Ninachopinga ni ile tabia ya kupima kila kitu kwa matunda yanayoonekana, kisha kushangaa matunda yakikosekana. Pia sijaandika haya kutetea wanaume dhidi ya wanawake. Hao tuwaache na vita vyao vya mitandaoni, mti hauna habari na ndoa zetu.

Ninawalaumu zaidi wanaouza ndoto. Kijana anaambiwa kilimo ni ajira, aingie shambani, aache kulia kuhusu ofisi. Sawa. Lakini anaonyeshwa hesabu ya mamilioni bila kuambiwa kwamba nusu ya miche ya kienyeji ni dume. Video dakika kumi, neno chavua halitajwi hata mara moja. Kama mtu anaweza kukuonyesha bei ya tunda, anaweza pia kukuonyesha ua. Kila muuzaji wa miche ya mipapai angepaswa kumwambia mnunuzi mambo mawili kabla ya kupokea pesa: mbegu hii imetoka kwa mti wa jinsia gani, na utegemee nini ikichanua. Na shule zetu zinaweza kufundisha somo hili kwa kuwatoa wanafunzi nje dakika ishirini. Mti uko hapo, hauhitaji maabara.

Ukitaka kuanza, mimi nimekulipia karo ya somo hili tayari, kwa hivyo chukua. Ukitumia mbegu za kienyeji, panda miche mitatu kila shimo. Uwezekano wa yote mitatu kuwa dume ni mmoja kwa nane. Ikichanua, acha mmoja kila shimo, jike kwanza, lakini tawanya madume machache kila upande wa shamba. Ukitumia mbegu za mti wa jinsia mbili uliojichavusha, tegemea theluthi mbili za jinsia mbili na theluthi moja jike, maana mbegu zenye Y mbili hufa mapema. Acha kichaka mahali kwa ajili ya nondo. Usipige dawa ya wadudu jioni maua yakiwa wazi.

Na ule msumari unaopigwa kwenye shina la dume ati ligeuke jike? Mjomba aliujaribu pia, kabla ya panga. Mipapai dume mingine huweza kutoa matunda machache yenyewe kukitokea mabadiliko ya hali ya hewa. Likitokea hilo baada ya msumari, msumari unachukua sifa. Okoa msumari wako.

Mimi shamba sikuliacha. Msimu uliofuata nilipanda upya, mitatu kila shimo, na nikabakisha madume matatu pamoja na yule mzee wa nyuma ya choo. Sijawa milionea. Lakini mapapai ya mwaka jana yalinilipia kamera ninayopigia picha za harusi, na shosho huuza yanayobaki barabarani.

Krismasi hii nitarudi. Nitamkatia mjomba kipande cha papai, kisha nitampeleka nyuma ya choo jioni, tusimame kimya tungoje nondo waje. Akiniita mpapai dume tena, nitamwambia asante.